Baridi ya Kupeleka Mombo

Lushoto,
9 Agosti 1992

Mume wangu Nikodemo,

Umeamkaje huko kwenye jasho lako? Sisi tuliobaki mlimani tu hai, ingawa mwezi wa saba ulitulaza na soksi miguuni. Ng'ombe amezaa dume, nami nilitaka jike. Baba yako mdogo Kristian bado anachechemea kwa lile goti, na ukimtajia daktari anakumbuka ana kazi shambani. Mdogo wako Modesta, binti yake, amechumbiwa na kijana wa Mombo aitwaye Lucian. Ana adabu na masikio makubwa. Harusi itakuwa mwakani kabla ya Kwaresima. Mchungaji anauliza kama huko Dar kuna makanisa. Nilimjibu kwamba makanisa yapo, ila mjukuu wangu ndiye haonekani.

Haya, lililonishikisha kalamu ni hili. Nataka uje uliwekee Pijo letu kiyoyozi. Lile lile 404 aliloliacha marehemu babu yako, ambalo ulilitapikia viti vyake vyote ulipokuwa mdogo. Nasikia siku hizi milango ya nchi imefunguliwa na kila kitu kinaingia. Hapa sokoni kuna mtu anauza makoti ya Wazungu yenye manyoya mpaka masikioni, basi na kiyoyozi hakikosekani. Wewe kutwa unawafungia viyoyozi wageni wa hoteli usiowajua hata majina. Cha mkeo kitakushinda?

Usiniulize cha nini. Njoo nacho.

Mkeo tangu ulipozaliwa,
Bibi Secilia


Dar es Salaam,
6 Septemba 1992

Mke wangu mzee,

Shikamoo Bibi. Naitanguliza shikamoo usije ukasema mji umekula adabu yangu. Mimi mzima, kazi ipo, na kanisani naenda, ila huwa nakaa nyuma. Mpe Baba mdogo pole ya goti, na Modesta mwambie hongera sana.

Sasa Bibi, kwa heshima zote: umekosa la kufanya? Kiyoyozi Lushoto? Nimekulia nyumba hiyo. Asubuhi nilikuwa nagombania nafasi na paka pembeni ya jiko. Ukitaka baridi ndani ya Pijo, teremsha kioo.

Halafu gari lenyewe ni la mwaka sitini na nne. Kiyoyozi kina kompresa, ile mashine ya kubana gesi, na huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Inakula nguvu. Pijo likipanda kutoka Mombo lenyewe tu linalia, ukiliongezea na mzigo huo litakaa chini pale Soni lisiinuke. Na dainamo yake haiwezi hata kuwasha taa na honi kwa pamoja. Siyo kazi ya mchezo, na sioni sababu yake.

Hivi huyo Lucian kwao ni Mombo sehemu gani? Upande wa stesheni au ng'ambo ya barabara kuu?

Mumeo mtiifu,
Nikodemo


Lushoto,
27 Septemba 1992

Mume wangu mbishi,

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili na mara zote mbili imenikera. Tuko salama. Goti la Kristian limevimba zaidi. Modesta anashona mapazia ya nyumba ambayo hajaiona.

Unataka sababu? Ni peasi. Peasi zangu zikiteremshwa Mombo zinafika zimechoka, ngozi imesinyaa kama mimi. Nataka zisafiri kwenye ubaridi zifike zimenyooka. Umeridhika?

Kwa Lucian ni ng'ambo ya barabara kuu, karibu na mashine ya kusaga. Na wewe unauliza upande gani wa Mombo kwa nini? Unatafuta kiwanja?

Mkeo,
Bibi Secilia


Dar es Salaam,
18 Oktoba 1992

Mke wangu,

Shikamoo. Hali zetu ni njema, joto limeanza. Habari ya kiwanja sijibu.

Nimemwandikia Baba mdogo kumuuliza juu ya peasi. Amenijibu kwamba tangu babu afariki hujauza peasi hata moja, unawagawia watoto wa shule wanaopita. Tena amenikumbusha siku babu alipoweka nusu gunia la viazi kwenye kiti cha nyuma cha Pijo. Ulimnunia mpaka akalala kwa jirani. Leo hii eti Pijo libebe matunda!

Bibi, wewe ni mwongo, na umri huo haukufai. Nakwambia hivi. Pale mtaa wa Gerezani kuna Datsun iliyogongwa nyuma, lakini mbele nzima, na kiyoyozi chake kimekamilika, hata oltaneta ipo, ile ya kuzalisha umeme wa kutosha. Mwenye nayo ni rafiki yangu. Nikisema neno, naking'oa. Lakini sitasema neno mpaka uniambie ukweli.

Mumeo,
Nikodemo


Lushoto,
15 Novemba 1992

Nikodemo,

Haya. Umenibana, nitasema.

Unajua desturi. Bi harusi akifikishwa kwa mumewe hashuki kwenye gari mpaka ashushwe. Anakaa ndani, ameinamisha uso, vioo vimepandishwa juu, na wenyeji wanaleta zawadi mpaka sisi wa upande wa mwali turidhike: mablanketi, khanga, mbuzi. Kioo kikiteremshwa tu, tumeshindwa. Huku kwetu mlimani mambo huenda kwa amani. Watu wanaimba, wanabishana, mbuzi anakuja.

Lakini Mombo! Wale watu hawaleti kitu. Wanalifagilia gari mahali pake katikati ya jua, wao wanakaa kwenye kivuli na togwa yao, wanatazama. Jua linawafanyia kazi. Binti wa mlimani hajazoea, muda si muda anaiva ndani ya bati kama kiazi, anafungua mlango mwenyewe.

Shangazi yako Perpetua aliolewa huko mwaka sabini na moja, katika Pijo hili hili, babu yako kwenye usukani. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Poda ilimteremka usoni mpaka kwenye gauni, akanishika mkono akasema, "Mama, nakufa." Nikamfungulia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Alishushwa kwa khanga moja, tena iliyopauka. Na wale wanawake walitunga wimbo kwamba mwali wa mlimani ameyeyuka kama samli. Wanauimba mpaka leo! Perpetua ana wajukuu sasa, na akipita gengeni kununua chumvi bado kuna anayemwimbia.

Aliyeuanzisha wimbo ule anaitwa Marta. Bado yu hai, bado ana sauti, na ni bibi yake Lucian. Umeelewa sasa? Modesta anapelekwa kwenye uwanja ule ule, kwa mwanamke yule yule.

Roho inaniuma, Niko. Miaka yote hii Perpetua hajanilaumu hata siku moja, na ndiyo maana inaniuma. Sijui nimebakiwa na harusi ngapi. Nataka niwashinde Mombo mara moja tu, halafu Mungu akiniita niende nikicheka.

Bibi yako,
Secilia


Dar es Salaam,
1 Desemba 1992

Bibi,

Shikamoo. Kwa nini hukusema hivyo tangu Agosti?

Nimeshaking'oa kile kiyoyozi. Kiko chini ya kitanda changu, nakigonga kwa vidole vya miguu kila asubuhi. Nakuja nacho Krismasi. Mwambie Baba mdogo asafishe Pijo na wewe uandae ugali wa bada na mboga za kutosha, maana nitafanya kazi kwa njaa.

Ila nakuomba jambo. Usiwatukane watu wote wa Mombo. Wengine ni wema sana.

Mumeo,
Nikodemo


Dar es Salaam,
17 Januari 1993

Mke wangu mzee,

Shikamoo. Nilifika salama, ndizi zilifika zimeiva. Msalimie Mchungaji, na umpe pole ya mafua. Nilimwambia dakika chache zinatosha kujaribu kiyoyozi, yeye akakaa anasimulia safari yake ya Moshi.

Sasa sikiliza vizuri, maana mimi sitakuwepo. Hoteli imejaa wageni na wamenikatalia ruhusa. Usinitazame vibaya kwenye barua.

Mnapoteremka mlima msiwashe. Washeni mkishafika bondeni. Gari likitembea hakuna taabu, upepo unapoza rejeta, lile tangi la maji ya injini. Taabu ni likisimama. Injini inanguruma pale pale, kompresa inaizidishia kazi, jua juu, hakuna upepo. Nimeweka feni ya pili mbele lakini siyo dawa. Baba mdogo asiondoe macho kwenye mshale wa joto. Ukigusa nyekundu, zimeni kiyoyozi, hata kama Bibi Marta anaimba. Maji ya rejeta yakichemka mtaua injini, na hilo gari ni la babu.

Kwa hiyo, Bibi, sikupi ushindi. Nimekupa muda tu. Mkiwa wavumilivu kuliko mshale, mmeshinda. Wao wakiwa wavumilivu kuliko mshale, mtashuka kwa khanga moja.

Mumeo anayekuombea,
Nikodemo


Lushoto,
1 Machi 1993

Mume wangu!

Salamu utazikuta mwishoni, leo hazina nguvu ya kutangulia.

Tulitoka kanisani saa sita. Kristian kwenye usukani na goti lake, Lucian mbele pembeni yake, nyuma mimi na Modesta na lile gauni ambalo peke yake lilikuwa abiria. Tuliteremka, kiyoyozi tumezima kama ulivyoagiza. Soni nikavua koti. Kwenye kona ya mwisho joto likatupiga usoni kama mvuke wa sufuria, nikasema, "Kristian, pandisha vioo. Washa."

Niko, we! Ule upepo! Nilimwomba Mungu anisamehe yote niliyowahi kukutukana.

Tukafika. Uwanja umefagiliwa katikati ya jua, vile vile kama mwaka ule, na Marta ameketi mbele kabisa chini ya turubai, anajipepea kwa kipande cha boksi. Alipoliona Pijo akalitambua. Nilimwona anacheka. Wimbo ukaanza, ule ule wa samli, na wote wanajua maneno, hata wasichana waliozaliwa juzi. Modesta akanishika mkono. Nikaona poda ya Perpetua inateremka upya. Modesta akasema, "Bibi, nipe mtandio, nasikia baridi."

Wimbo ukaisha, wakauanza upya. Ukaisha tena. Mwanamke mmoja akaja akabandika pua kwenye kioo, akageuka akapiga kelele, "Mkavu! Hana hata tone!" Hapo minong'ono ikaanza. Wajomba wa Lucian wakamwita, "Lucian, mshushe mkeo!" Yeye akatikisa kichwa na masikio yake, akatuambia sisi wa ndani, "Mimi humu ni mgeni." Nikampenda siku hiyo.

Halafu Kristian akasema taratibu, "Mama, mshale."

Nilichungulia. Ulikuwa umekaribia nyekundu kabisa. Marta naye kule anatafuna muwa, hana haraka. Nikajua tumekwisha. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitasa, Niko, sikufichi. Nilikuwa nafungua mlango kwa mara ya pili.

Mara akatokea msichana wao mmoja, mrefu, ana mwanya, amebeba ndoo ya maji kichwani. Akapita mbele ya gari letu, akajifanya amejikwaa, ndoo yote ikamwagika kwenye wavu wa mbele. Pssss! Wenzake wakamzomea. Akaenda akarudi na ndoo nyingine, hiyo hata hakujikwaa, akaimwaga pale pale. Wakamfokea, "Pendo, unaosha gari la nani?" Akajibu kwamba yeye amelelewa kuheshimu wageni. Mshale ukarudi nyuma. Kristian akapumua, na mimi nikaachia kitasa.

Marta akachoka. Akainuka mwenyewe, akaja mpaka mlangoni kwangu na maneno tayari mdomoni. Nikafungua mlango kiasi cha kiganja kumsikiliza, kioo nikakiacha juu. Ule ubaridi ukatoka chini ukampanda miguuni, na tusi alilolianza sikulisikia mwisho wake. Alisimama pale ameshikilia mlango. Kisha akasema, "Secilia, hebu sogea."

Nikasogea. Akaingia, akafunga mlango, akafumba macho. Tulikaa sisi wawili na mwali, mimi katikati. Nje wakaanza kuhangaika, mmoja akagonga kioo, "Bibi, tufanyeje? Tumlete mbuzi?"

"Mleteni," Marta akasema bila kufumbua macho. "Lakini msimkimbize, atachoka."

Mbuzi akaja. Yakaja mablanketi mawili, vitenge, na sufuria kubwa yenye mfuniko. Mimi nikasema bado. Nikasema nataka blanketi la Perpetua la mwaka sabini na moja. Marta akafumbua jicho moja, akanitazama muda mrefu, nikadhani vita vinaanza. Akasema, "Mpeni." Akafumba tena.

Shangazi yako alikuwa amesimama pale pale kati ya wanawake wa Mombo. Walimfunika blanketi zito la manyoya kwenye jua lile la bondeni, na hakulivua mpaka jioni. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, jasho linamtiririka, na kila aliyejaribu kumvua alipigwa kofi la mkono. Mimi pia nililia. Nililia kama mtoto, na siwezi kukuandikia zaidi ya hapo.

Modesta alishuka mkavu. Marta akabaki. Tulimbembeleza kwa pilau, kwa soda, hakutoka, mpaka Pijo lilipotoa mvuke mweupe na mlio, Kristian akaruka nje kama hajawahi kuumwa goti. Injini imekufa, mume wangu. Nisamehe. Lori la mbao kutoka Shume litakuletea Pijo wiki ijayo, ulitibu.

Sasa salamu: wote wazima. Na swali. Yule Pendo alijuaje mahali pa kumwaga maji? Nilimuuliza, akacheka na mwanya wake, akasema aliambiwa na fundi. Fundi gani?

Mkeo mshindi,
Bibi Secilia


Lushoto,
11 Aprili 1993, Pasaka

Nikodemo,

Kristo amefufuka. Wewe je?

Lori lilirudi zamani, dereva anasema gari alikukabidhi mkononi. Barua yangu nayo naamini ilifika. Swali langu halijajibiwa. Nasikia pia kwamba yule Pendo wa Mombo anafanya kazi Dar, kwenye hoteli, idara ya kufua mashuka. Hoteli ni nyingi huko, au siyo?

Natengeneza chai nasubiri.

Bibi


Dar es Salaam,
2 Mei 1993

Mke wangu mpenzi, mke wangu mzee,

Shikamoo, tena nakupa mbili. Sisi wazima. Nasema sisi.

Fundi ni mimi. Hoteli ni hii hii. Nilimweleza Pendo habari ya mshale tangu Januari, akaniapia kwamba hatawasaliti watu wa kwao, halafu alipoona mkono wako uko kwenye kitasa akashindwa. Alitengwa na wenzake kwa wiki nzima. Aliyemwombea msamaha ni Bibi Marta, ambaye anaulizia Pijo kila anapoandika. Ndiyo maana nilinyamaza, Bibi. Nilikuwa naogopa kukuambia kwamba nampenda msichana wa Mombo, wakati wewe unajiandaa kwa vita. Nampenda sana. Namuomba Baba mdogo apeleke barua ya posa mwezi huu, na kwao wamekwisha kukubali tarehe: Jumamosi, 17 Julai. Ibada itakuwa Mombo, kisha mwali analetwa kwako, uani kwako.

Pijo limepona. Nimebadilisha pistoni na kila kilichoungua, linanguruma vizuri kuliko siku ya kwanza ninayoikumbuka.

Sasa Bibi, mimi ni mjukuu wako na najua mnavyofanya hapo nyumbani. Mabinti wa bondeni mkiwaoa mwezi wa saba hamwatolei hata kuku. Mnaegesha gari penye ukungu, nyinyi mnakaa jikoni kwenye moto, mnakunywa chai, mnasubiri meno ya mwali yaanze kugongana. Wa mwisho aliyeletwa alishuka mwenyewe, akawapita wote mbio akaenda kukumbatia jiko. Mlicheka mpaka Krismasi.

Pendo aliniuliza kama ni kweli. Siwezi kuanza ndoa kwa uongo.

Kwa hiyo nimetoa bomba kutoka kwenye maji ya moto ya injini, nimelipitisha mpaka kwenye kisanduku kidogo chini ya dashibodi, na nyuma yake nimeweka feni. Joto lake ni zuri ajabu. Na hiki, mke wangu, hakichemshi injini hata kidogo. Kinaipoza. Mshale haupandi. Anaweza kukaa humo ndani mpaka ibada ya Jumapili, na Bibi Marta amekwisha kuomba kiti cha nyuma na anakaanga karanga za safari.

Anza kunenepesha mbuzi.

Mumeo kwa sasa,
Nikodemo